Nyongo ya Bi Donatila

Bi Hortensia hakupaza sauti. Alisema tu, tena mbele ya wateja watatu na muuza viazi, kwamba binti yake Yobana havishwi bati. Kijana akitaka kuja nyumbani kwake kuposa, na ukoo wake, na mikate yao, na chupa zao, na maua yao, basi aje na pete ya dhahabu ya karati kumi na nane, yenye muhuri kwa ndani, na muhuri huo atausoma yeye mwenyewe. Asiye na pete, akaongeza huku akikunja kitambaa, akae hukohuko mlimani na mbwa wake.

Maneno hayo yalipanda ngazi zote mia mbili na kitu za mlima wetu wa Comas, huku pembezoni mwa Lima, kabla hata mwenyewe hajafunga duka lake la vitambaa. Yalimkuta Bi Donatila, mama wa kijana mwenyewe, uani anasugua birika anazouzia kinywaji chake cha shayiri asubuhi, pale kituo cha basi. Naye hakuwa mtu wa kutukanwa akanyamaza. Alisema, kwa sauti ya kufika nyumba ya nne, kwamba Hortensia alipofika Lima alikuwa anafagia wadi za hospitali, kafagia miaka kumi na moja, na leo kwa kuwa anauza satini kwa mita anajiona kazaliwa juu ya zulia. Hayo nayo yalishuka ngazi yakafika. Wanawake hawa wawili walikuwa hawajawahi kuketi meza moja na tayari walikuwa wamechokana.

Ila siku hiyo Bi Donatila alikuwa na jambo zito kuliko matusi. Alikuwa na karatasi kifuani, ndani ya blauzi.

Asubuhi aliliacha toroli lake la kinywaji kwa jirani akaenda kupigwa picha ya tumbo. Ubavu wa kulia ulikuwa umemsumbua miezi. Akila kitu chenye mafuta alikunjika, akawa anapumua kwa vituo. Daktari alimpaka kitu cha baridi tumboni, akatazama kioo chake, akamwambia kifuko cha nyongo kimejaa mawe, na moja limekaa vibaya, mlangoni. Lazima akatwe. Foleni ya bure ilikuwa imefika Desemba, na mwenye haraka ajitafutie pesa. Halafu daktari akamwambia jambo moja akalirudia mara mbili: maumivu yakija na macho ya manjano, usingoje, njoo siku hiyohiyo.

Alipanda ngazi akipumzika mara tatu, na kila alipopumzika alipanga namna ya kumwambia mwanawe. Beto, jina lake kamili Edilberto, alikuwa mtoto wake wa pekee, fundi wa madirisha ya vioo, miaka ishirini na sita, na kazi zenyewe za kubahatisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyezoea kuwekewa sahani mbele, akainama akala bila kutazama mkono ulioiweka ni wa nani.

Alipomaliza birika zake uani akaingia ndani, alimkuta kaketi kitandani na kipande cha karatasi, uso umechangamka.

"Mama, nimepata njia ya pete," akasema, kabla mama hajavuta hata kiti.

Njia yenyewe ilikuwa kuku wa mchango. Kule mlimani hakuna asiyeijua. Aliyekwama anachapisha kadi, anaziuza nyumba kwa nyumba, na Jumapili anakaanga mapaja ya kuku yaliyolala kwenye pilipili nyekundu, anauza bia, anafungulia spika hadi mabati yatetemeke, na kinachobaki kinamtoa shimoni. Lakini kadi lazima itaje shida. Hakuna atakayepanda ngazi mia mbili kula kuku kwa ajili ya kidole cha mtu. Watu wanakuja kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa nyumba iliyoungua. Na anayekula kuku wako leo, wewe utakula wake kesho, upende usipende, hilo halisahauliwi.

"Kwa hiyo tutaandika ugonjwa," Beto akasema.

"Wa nani?"

"Wako, mama. Wewe si kila siku unalia na ubavu? Tutasema nyongo. Mama yake Wilmer alikatwa nyongo mwaka jana, waliuza kadi mia mbili."

Bi Donatila alikaa. Karatasi ilikuwa inamkwaruza ngozi.

"Na huu ubavu wangu wenyewe?" akauliza polepole.

"Hiyo gesi tu, mama. Viazi vinazidi."

Alikasirika hadi masikio yakaziba. Angeweza kuichomoa ile karatasi palepale na kumpiga nayo usoni, na hadithi ingeishia hapo. Hakuichomoa. Alitaka mtoto aone mwenyewe. Miaka yote alikuwa amejieleza, amejipendekeza, amemtafunia kila kitu, na sasa alitaka aulizwe mara moja tu, kwa hiari: mama, unaumwa? Akajiwekea nadhiri kimoyomoyo kwamba akiulizwa tu, siku yoyote, saa yoyote, atasema. Jumapili ya kuku ilikuwa wiki tatu mbele, na Jumapili inayoifuata hiyo ndiyo ya posa.

"Chapa kadi zako," alimwambia. "Mimi nitalala."

Kadi zikachapwa. Kwa ajili ya upasuaji wa mama yetu mpendwa Donatila, zilisema, na pembeni picha ya kuku anayetabasamu. Beto alizuia toroli la shayiri lisitoke, kwa sababu mgonjwa hawezi kuonekana kituoni akiuza, na hilo nalo Bi Donatila alilimeza, ingawa toroli ndilo lililokuwa linawalisha wote wawili.

Ubaya ni kwamba watu walikuwa wema. Bi Melchora, muuza mikate ya mahindi, alinunua kadi nne na kwake wanakula wawili, akasema hajasahau nani alikoroga masufuria kwenye msiba wa mumewe. Kisha akaja na simbilisi mweusi ndani ya kikapu, amsugue naye mgonjwa mwili mzima kama wanavyofanya kwao milimani, Huancavelica, halafu ampasue mnyama waone ugonjwa umekaa wapi. Beto alimrudisha kwa maneno matamu kutoka mlangoni. Aliogopa simbilisi asije akasema mama mzima. Bi Donatila alisikia yote kutoka kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asuguliwe na simbilisi.

Hata Bi Hortensia alinunua. Kadi kumi, kwa noti mbili kubwa, akatangaza duka zima likisikia kwamba ananunua kwa ubinadamu na si kwa undugu, kwani undugu bado haujaingia. Beto alirudi nyumbani anacheka hadi anashika ukuta. Mama mkwe, alisema, anamnunulia binti yake pete kwa pesa yake mwenyewe na hajui. Mama yake alimwambia asicheke pesa ya mtu ndani ya nyumba hii. Beto akashangaa: tangu lini anamtetea yule mwanamke? Bi Donatila alivuta blanketi akageukia ukuta. Hakumtetea mtu. Alikuwa na kichefuchefu.

Alhamisi, siku tatu kabla ya kuku, alitapika uani, ameshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka mgongoni. Alipoinua kichwa alimwona Beto mlangoni anamtazama. Sasa ataniuliza, alijisemea. Beto akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri hivyo, mama. Majirani wanaona."

Akamsogezea simu amwonyeshe picha ya pete. Duka moja la katikati ya jiji lilikuwa limekubali kumwekea hadi Jumatatu asubuhi, si zaidi, kwa sababu kuna mwingine anaitaka. Ilikuwa pete nyembamba yenye kijiwe cheupe. Bi Donatila aliitazama huku akijifuta mdomo na kiganja, akasema ni nzuri. Na ilikuwa nzuri kweli, ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Jumapili ikafika. Kitanda kilisogezwa chumba cha mbele, karibu na mlango, ili kila anayechukua sahani apite amwone mgonjwa. Alifungwa kitambaa kichwani na vipande vya kiazi kibichi kwenye paji la uso, kama wafungwavyo wagonjwa kwao. Pesa zilikuwa zinaingia chini ya godoro lake. Kila nusu saa Beto aliingia kama anayerekebisha blanketi, akasukuma noti ndani, kwa kuwa, alivyosema, hakuna mwizi atakayempekua mama aliye mahututi. Uani karai lilikuwa linachemka, spika zinapiga muziki wa kwao milimani, na kreti za bia zimepangwa hadi dirishani.

Yobana alikuja mapema kumenya viazi. Bi Donatila hakuwa anampenda huyu binti, na hakuwahi kuficha. Alimenya kiazi kikabaki nusu. Alicheka ovyo. Lakini aliingia mara tatu kumbadilishia vile vipande vya kichwani, na kila mara aliuliza kama amekunywa maji, na Bi Donatila alijibu kwa mguno kwa sababu hakujua amjibu vipi. Binti huyu hakujua lolote kuhusu pete. Aliamini kadi kama ilivyoandikwa.

Saa saba akaingia mama mtu, Bi Hortensia, na sahani mkononi, na viatu vya kanisani.

"Nimesikia unakufa, Donatila."

"Nikifa utakula kuku wa pili. Kaa utulie."

"Hawa wenyewe wana chumvi."

"Chumvi hatukukutoza. Kula."

Bi Hortensia alikula, amesimama. Alitazama dari la bati, akatazama ukuta usiopigwa plasta, akatazama sakafu. Akasema Jumapili ijayo ni palepale, mgonjwa awepo asiwepo, na bila pete mlango hafungui, asije mtu akatumia maradhi kama kisingizio. Bi Donatila alisikia jibu likimpanda kooni, kwamba mbona kadi zako kumi zimeshalipia nusu ya kijiwe, na alilizuia kwa meno. Alimwambia tu kwamba pete itakuja, na akiivaa binti yake aikaze vizuri, kidole chenyewe kimekonda kwa kulishwa na mama bahili. Bi Hortensia aliweka mfupa kwenye sahani na kutoka kwenda uani kuketi na wengine. Wote wawili walijisikia vizuri kidogo.

Saa tisa ndipo maumivu yalipokuja. Hayakuja kama siku nyingine. Yalianzia chini ya mbavu, yakazunguka hadi begani, na Bi Donatila akasikia sauti inatoka ndani yake ambayo hakuiagiza. Alipiga ukelele. Akapiga wa pili. Uani watu walinyamaza, kisha minong'ono, maskini, maskini mama wa watu, na wengine wakaagiza bia kwa huruma.

Beto akaingia, mikono inanuka pilipili, akafunga mlango nusu.

"Mama, punguza kidogo. Wataita gari la wagonjwa, na bado kreti tano."

Bi Donatila hakuwa na pumzi ya kusema. Aliingiza mkono kifuani, akaitoa ile karatasi iliyokaa hapo wiki tatu, imelowa jasho, akamsukumia. Na hata hapo, na maumivu yote yale, alikuwa anamtazama usoni. Alitaka aone uso wa mwanawe utakavyobadilika.

Beto alisoma. Ukabadilika kweli. Alitabasamu.

"Umeitoa wapi hii?" akanong'ona. "Ule mtaa wa wachapaji? Wamekutoza ngapi? Mpaka na muhuri. Mama, wewe hatari."

Kwani katikati ya jiji uko mtaa ambao kila mtu anaujua, wanakuchapia unachotaka, cheti cha chuo, leseni, cheti cha kifo cha mtu aliye hai, nawe unangoja kwenye kona ukinywa soda. Beto aliona mama yake ameshuka huko kwa siri ili kumsaidia. Akambusu kwenye paji, juu ya kiazi, akatoka nayo mbio.

Muziki ukazimwa. Bi Donatila alilala hapo ameuma blanketi na kusikiliza mawe yake yakisomwa kwenye kipaza sauti. Mwanawe alisoma vizuri, kwa kituo, na alipofika penye neno haraka sauti ilimtetemeka. Watu waliguna. Mtu akasema kreti mbili hapa, kwa ajili ya mama. Hasira aliyokuwa nayo Bi Donatila saa ile ingetosha kukaanga kuku wote waliobaki bila mkaa.

Bi Hortensia hakuguna. Aliomba aione karatasi. Beto akampa kwa mbwembwe, kama anayetoa ushahidi mahakamani. Aliisoma juu hadi chini, akaigeuza, akaisoma tena, akaingia ndani bila kubisha na kuufunga mlango kwa kisigino. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka vidole viwili chini ya mbavu za kulia na kubonyeza, na Bi Donatila akamshika mkono akauminya hadi bangili ikapinda. Kisha akamfunua kope na kumgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Nimefagia wadi ya upasuaji miaka kumi na moja," akasema. "Umelitangaza hilo mlima mzima, basi sikiliza. Rangi hii ya manjano machoni naijua. Na muhuri huu naujua. Tangu lini?"

"Miezi."

"Mjinga wewe."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la huruma ya kweli Bi Donatila alilolisikia tangu ugonjwa uanze, na alilipokea kutoka kinywa cha adui yake. Alikaribia kulia, akajikaza. Bi Hortensia alishasimama. Leo, si kesho, alisema, jiwe limeziba, watu wanakufa na hili. Akafungua mlango akatangaza uani kwamba mgonjwa anashuka hospitali sasa hivi. Alitaka kiti imara na wanaume wanne ambao hawajalewa, na bajaji ingoje chini ya ngazi. Alimwambia Beto atoe pesa za mama yake, zile za kadi, kwa sababu hata wakimpokea kwa dharura, dawa na vifaa atanunua yeye. Na aache kucheka, kwani karatasi hii si ya mchezo. Kisha akaenda kutafuta kiti.

Beto akaingia. Uso ulikuwa umemshuka wote, akaufunga mlango nyuma yake. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Kumbe kweli," akasema.

"Kweli."

Bi Donatila alingoja. Lile swali alilolingojea wiki tatu lilikuwa bado halijaulizwa na muda ulikuwa bado upo, mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Angemsamehe. Alijua angemsamehe, papo hapo, kwa neno moja. Beto alikuwa anatokwa na machozi, machozi ya kweli. Akatazama godoro.

"Mama, lakini dharura hawamkatai mtu. Tugawane basi. Nusu yako, nusu ya pete. Kesho asubuhi wataiuza."

Kitu kikaisha ndani ya Bi Donatila. Hakupiga kelele. Maumivu yalikuwa yamemwachia kidogo, kama yanavyofanya kabla ya kurudi, akapata pumzi ya kutosha.

"Hawa watu wamenunua nyongo yangu, Beto," alisema. "Hakuna aliyenunua kidole."

Akaingiza mkono chini ya godoro mwenyewe, akavuta mafungu yote, akayasokota kwenye leso na kuyatia kifuani, mahali ilipokuwa karatasi. Beto alinyoosha mkono nusu, kisha akaurudisha.

Kiti kikaja, na wanaume wanne, na Yobana na blanketi na mfuko alioshautia kanga ya kujifunika, sabuni na kikombe bila kuambiwa. Walimkalisha, wakamfunga kwa shuka asianguke. Uani watu wote walikuwa wamesimama, sahani mkononi, wamempisha njia. Ndipo Bi Hortensia aliposimama mbele ya kiti. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo mbele ya watu, mazuri na mabaya, na sasa alikuwa na la kusema.

Alisema alikuwa amekosea. Alipima kijana kwa karati, na kumbe kijana mwenyewe alikuwa anahangaika wiki tatu, mlango kwa mlango, aokoe roho ya mama yake. Wangapi siku hizi? Pete itasubiri. Jumapili ijayo, au mgonjwa atakapopona, waje na mikate tu, na wakitaka waje na pete ya bati, yeye atafumba macho. Watu walipiga makofi. Mmoja alimpiga Beto mgongoni, mwingine akamwita mfano wa kuigwa.

"Ila nataka neno lako, wewe uliyemzaa," Bi Hortensia akasema, akainama usawa wa kiti. "Nikupe binti yangu? Ni mtoto mwema huyu? Sema, na mimi namalizia hapahapa."

Spika zilikuwa zimezimwa. Mafuta peke yake ndiyo yalikuwa yanasikika kwenye karai. Beto alikuwa amesimama na koleo la kuku mkononi, na macho yake yalikuwa yanamwomba mama yake waziwazi, bila aibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Bi Donatila alikuwa amelisema mara nyingi maishani, kwa mwalimu, kwa mwenye karakana aliyemfukuza, kwa mwenye nyumba wa zamani: ni mtoto mwema, mvumilieni. Ulimi ulikuwa umeshalizoea na ulitaka kulisema wenyewe.

Akamtazama Yobana, na ule mfuko mkononi. Binti alikuwa anamsubiri ajibu kama wengine, lakini huku anamfunika magoti.

"Ngoja kwanza nikatwe," Bi Donatila akasema. "Nikiamka nitatazama nani kakaa kando ya kitanda, na kakaa tangu saa ngapi. Halafu nitakujibu."

Baadhi ya watu walicheka, wakasema mgonjwa kaanza kuweweseka. Bi Hortensia hakucheka. Aligeuka taratibu akamtazama Beto, kutoka viatu hadi kichwani, na hakuyaondoa macho hadi kijana akainamisha yake. Kisha akawaambia wanaume wanyanyue.

Beto alitupa koleo, akaja mbio akashika mguu mmoja wa kiti, akamsukuma aliyekuwa ameushika. Alisema yeye ndiye atakayembeba, ni mama yake. Bi Donatila alimgusa mkono, si kwa ukali.

"Wewe baki," alimwambia. "Kuna watu hawajapata kuku wao, na wamelipa. Ukimaliza, njia unaijua."

Wakaanza kushuka ngazi, Yobana mbele anasafisha njia, Bi Hortensia nyuma anawafokea wabebaji kila wanapoyumba. Beto alisimama juu akawatazama hadi kona. Akarudi kwenye karai. Foleni ya wenye kadi ilikuwa ndefu, imefika hadi kwa jirani, na kila aliyefika mbele alimnyooshea sahani yake na kumpongeza kwa kuwa mtoto mwema.